Kipilipili hakitaki ubabe

Leo uwanja wetu unahamia kichwani. Sisemi akili, hizo kila mtu ana zake. Nasema nywele. Tena si zile za kwenye matangazo zinazorushwa kushoto na kulia kama mkia wa farasi. Nasema zetu hizi za kipilipili, ambazo ukijidai kuzirusha ni shingo tu itakayokuuma, zenyewe zimetulia pale pale.

Kisa chenyewe kilianza Jumamosi moja mwezi uliopita. Nimekwenda kwa kaka yangu kule Tabata kusalimia, mkononi nina mfuko wa machungwa, hata hodi sijapiga nikasikia mtoto analia. Si kile kilio cha kunyimwa pipi, hapana. Kilio cha mtu anayeumia. Nikaingia mbio. Nakuta binti wa kaka yangu, miaka saba, amebanwa katikati ya magoti ya mama yake kwenye kigoda, taulo mabegani, macho mekundu kama pilipili. Wifi yangu ana kitana mkononi, kile cha meno membamba, na meno mawili ya kitana yameshabaki kichwani mwa mtoto.

"Afadhali umekuja, wifi," akaniambia huku jasho linamtiririka. "Mimi nimeshindwa. Jumamosi ijayo kuna send-off, hizi nywele ama nazitia dawa ama nazinyoa kipara. Na kipara kwenye picha sitaki."

Nikatazama juu ya kabati. Kweli bwana, boksi la dawa lipo, lina picha ya mtoto anacheka, nywele zimelala kama zimepigwa pasi.

Sasa msomaji wangu, hapo nikanyamaza kidogo, maana boksi lile mimi na ukoo wake tunafahamiana. Nilipomaliza darasa la saba, kama ilivyokuwa kawaida ya wasichana wengi tuliokuwa tunanyolewa shuleni, nikaanza kufuga nywele. Zilipofika za kushikika tu, nikakimbilia saluni moja ya uchochoroni nitiwe dawa nifanane na wakubwa. Ikaanza kuwasha. Nikasema inawasha. Nikaambiwa vumilia, ukivumilia ndiyo zinalala vizuri. Nikavumilia mpaka machozi. Nywele zililala kweli, lakini nyuma ya sikio la kulia ngozi ilitoka, ikawa kidonda, na mpaka leo pale pana kovu la ukubwa wa kifungo cha shati ambapo hapaoti kitu. Ndiyo maana picha zangu zote utaniona nimegeuza uso upande mmoja. Wengi hudhani ni maringo.

Basi nikajifanya shujaa. "Lete kitana, wifi," nikasema. "Mtoto wa kaka yangu huyu, atanisikia shangazi yake."

Lo! Atanisikia wapi? Nilipopitisha kitana mara ya kwanza kilikwama. Nikavuta. Mtoto akapiga ukelele. Nikavuta tena, kiaina, huku namwambia tulia wewe, mtoto wa kike halalamiki. Yaani yale yale niliyoambiwa mimi! Akageuka, akanitazama na yale macho yake mekundu, akaniuliza: "Shangazi, kwani nywele zangu zina kosa gani?"

Nikaweka kitana chini. Msomaji, nakwambia ukweli, sikuwa na jibu. Nikamwambia wifi anipe muda, sufuria la maji ya uvuguvugu na chupa ya mafuta ya nazi, na atutumie kijana dukani akanunue kondishena, hata ya bei poa, mradi iwe nyingi.

Kabla sijakueleza tulichofanya, ngoja kwanza tuelewane kuhusu kipilipili chenyewe, maana wengi tunapigana na adui tusiyemjua.

Unywele wa singa ukiukata na kuutazama kwenye hadubini, mkato wake unakaribia kuwa duara. Wa kipilipili umebonyea kama yai, na unatoka kichwani ukiwa umejipinda, unajizungusha kama springi ya kalamu. Kila unapopinda pana udhaifu, ndipo hukatika. Halafu yale mafuta yanayotoka kwenye ngozi ya kichwa, kwenye singa huteremka bila shida mpaka nchani. Kwenye springi yanakwama njiani. Ndiyo maana nywele zetu hukauka haraka, na zikikauka springi moja inaingia kwenye jirani yake, wanashikana. Tukilala wanashikana, tukivaa kofia wanashikana, tukiosha ovyo ndiyo basi tena.

Jingine: kichwa cha mtu mzima hupukutisha kati ya nywele 50 na 100 kila siku, na hiyo ni hali ya kawaida. Mwenye singa zinaanguka begani, anazipangusa. Za kipilipili hazianguki, zinabaki zimejiviringisha kwenye wenzake. Sasa chukua mtu aliyesuka rasta wiki sita. Hizo ni siku 42. Piga hesabu mwenyewe: kati ya nywele 2,100 na 4,200 zimeshang'oka, zimekaa humo humo ndani ya msuko zinasubiri kufumuliwa. Ongeza vumbi la daladala, jasho na mafuta yaliyoganda kwenye shina. Siku ya kufumua hapo pana kazi.

Nikamuuliza wifi, mlifumua lini? Jana usiku. Mkachana kabla ya kuosha? Hapana, tulikuwa tumechoka, tukaosha moja kwa moja. Kwa nini? Kwa mche wa sabuni, ile ya kufulia. Mkakausha vipi? Kwa taulo, tukafikicha.

Haya, kumbe! Kesi imeshajulikana, na mtoto hana kosa. Zile nywele zilizopukutika zilipolowana na uchafu wake bila kuondolewa kwanza zilishikana na zile hai zikawa kama jamvi. Sabuni ya mche nayo ni kali, asili yake ni magadi. Unywele una magamba madogo madogo kama ya samaki, yameelekea chini. Sabuni ya aina hiyo inayanyanyua magamba, unywele unakuwa na mikwaruzo, unang'ang'ania mwenzake. Na kwa sisi tunaotumia maji ya kisima yenye chumvi chumvi, sabuni hiyo haitoki vizuri, inaacha utando mweupe kichwani. Kufikicha kwa taulo kukamalizia, kama mtu anayefua kaptula ya mechi.

Sasa kazi ikaanza. Wewe kata kipande hiki ubandike ukutani.

Kwanza, tuligawa kichwa mafungu manane, kila fungu likabanwa peke yake. Usichane kichwa kizima kwa mpigo. Hata shamba hulimwi lote kwa jembe moja.

Pili, tukarudisha maji. Wahenga walisema udongo uwahi ungali maji, nami naamini aliyesema hivyo alikuwa na binti mwenye kipilipili. Maji yanalegeza vile vifungo vya muda ndani ya unywele, springi inanyooka kidogo, inakubali kuelekezwa. Zikikauka vifungo vinarudi, nazo zinajikunja upya, ndiyo maana nywele ya urefu wa kiganja huonekana kama ya nusu kidole. Kuchana kipilipili kikavu ni kuvunja. Lakini angalia, unywele uliolowa pia unavutika na ni mwepesi kukatika ukiuvuta kwa nguvu. Kwa hiyo maji peke yake hayatoshi, lazima pawe na utelezi.

Tatu basi, utelezi. Kondishena tukaimwaga bila uchoyo, fungu kwa fungu, mpaka ukishika unahisi umeshika kambale. Kazi yake ni kuyalaza yale magamba na kuupaka unywele utando laini ili upite kwa jirani bila ugomvi. Kama huna, chemsha bamia kadhaa, chuja ule mlenda wake, upoe, upake. Unateleza ile mbaya. Tui la nazi nalo watu hutumia, ila suuza vizuri, la sivyo ofisini watu watakuuliza leo mmepika samaki wa nini.

Nne, vidole kabla ya chanuo. Vidole vina macho, chanuo halina. Kidole kikifika kwenye fundo kinajua, kinasimama. Hapo usilipasue fundo katikati. Weka kondishena au tone la mafuta juu yake, subiri dakika moja, kisha anza kuchomoa nywele chache chache kutoka pembeni, ukienda kutoka chini kuelekea juu. Mafundo mengi yakikosa wanachama yanajifia yenyewe.

Tano, chanuo liwe la meno makubwa yaliyoachana. Kile kitana chembamba mwachie mwenye singa. Anzia nchani, siyo kwenye shina. Chana kipande cha chini kikipita, panda kidogo, kikipita, panda tena, mpaka ufike kichwani. Na siri ambayo sikuambiwa utotoni: mkono mmoja ushike fungu kwa nguvu kati ya fundo na kichwa. Ukivuta, unavuta mkono wako mwenyewe, ngozi ya mtoto haisikii kitu.

Sita, fungu likiisha, lisuuze, lisokote papo hapo butu moja, ubane. Ukiliachia litarudi kwa wenzake na kazi umeanza upya.

Nilipomaliza fungu la kwanza nilikuwa namsubiri apige kelele. Kimya. La pili, kimya. La tatu akaanza kunisimulia mambo ya shule, sijui nani kamwaga uji, sijui mwalimu gani ana bonge la kitambi. La tano kichwa kikawa kizito kwenye paja langu. Amelala! Mtoto yule yule aliyekuwa analia mtaa mzima unasikia. Saa moja na dakika arobaini kwa jumla, miguu imeniganda, lakini kichwa kimepita chote.

Wifi akaja kukagua. Akaona lile bonge la nywele nililoweka pembeni kwenye gazeti, kubwa kama yai la bata. "Wifi! Si umemmaliza mtoto nywele?" Nikamwambia kaa hapa. Tukachomoa moja moja tukatazama mwangani. Iliyopukutika yenyewe huwa ndefu na kwenye ncha moja ina kitone cheupe, ndilo shina lake, imemaliza muda wake. Iliyokatika huwa fupi na haina kitone. Zetu nyingi zilikuwa ndefu na zina kitone. Vile vipande vifupi visivyo na kitone, sitaki uongo, vilikuwepo, na vingi nadhani ni vya mimi na yeye na kile kitana asubuhi.

Hapo ndipo tukazungumza lile la boksi. Wifi akasema lakini hii imeandikwa ya watoto, haina ukali. Nikamwambia dada yangu, dawa za kulaza nywele zinafanya kazi kwa sababu ni kali. Nyingi za saluni zina kitu kile kile wanachotumia watengeneza sabuni na wazibua mabomba, kostiki soda. Zile zinazoitwa za watoto mara nyingi zimebadilishiwa kemikali, lakini bado zinavunja unywele kutoka ndani, na zikikaa kupita muda zinaunguza ngozi vile vile. Nikageuza kichwa, nikafunua sikio. Miaka kumi na mmoja tangu aolewe na kaka yangu alikuwa hajapata kuliona lile kovu. Akaligusa kwa kidole. Hakusema kitu.

Na kwa wanaopenda tarakimu: mwaka 2022 watafiti wa serikali ya Marekani walichapisha matokeo ya kufuatilia wanawake 33,497 kwa karibu miaka 11. Walikadiria kwamba kati ya wasiotumia dawa za kunyoosha nywele, asilimia 1.64 wangepata saratani ya mji wa mimba kufikia umri wa miaka 70. Kwa waliokuwa wakizitumia zaidi ya mara nne kwa mwaka, ikafika asilimia 4.05. Utafiti wa aina hiyo unaonyesha mambo mawili yanakwenda pamoja, hauthibitishi kwamba moja ndilo linaloleta jingine. Sikutishi wewe mwenye dawa yako kichwani, una miaka yako na pesa yako. Lakini mtoto wa miaka saba hajachagua.

Wifi akashusha pumzi. "Wifi, maneno yako mazuri," akasema, "lakini wewe una Jumamosi. Mimi nina watoto watatu, nina genge, na nikirudi ni saa mbili usiku. Saa moja na dakika arobaini nitaitoa wapi?"

Msomaji wangu, hapo palinigusa. Maana sisi tunaoandika kwenye magazeti ni hodari wa kuwaambia akina mama wawe na subira, utadhani subira inauzwa sokoni fungu mia tano. Yule hakuwa mama mkatili. Alikuwa mama aliyechoka, na hakuna aliyemwonyesha. Mama yake alimchana hivyo, na bibi yake alimchana mama yake hivyo hivyo. Ajabu ni kwamba zamani watu walijua. Kule Cambridge, Uingereza, mwaka 2013 palikuwa na maonyesho ya machanuo ya Kiafrika yaliyojumuisha miaka 6,000 ya historia yake. Nyingi ya zile za kale zina meno marefu, imara, yaliyoachana. Waliochonga walijua watachana nini. Sisi tukaletewa vitana vya plastiki vya kuchania singa, vikikatika meno tunalaumu kichwa.

Basi tukapatana. Mosi, rasta hazizidi wiki sita, hata kama bado zinapendeza. Pili, siku ya kufumua si siku ya kuosha. Unafumua, unapaka mafuta ya nazi, unatoa kwa vidole zile zilizokufa, unasokota mabutu, mnalala. Mafuta ya nazi, tofauti na mengine mengi, yana uwezo wa kupenya ndani ya unywele, na utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha yanapunguza protini inayopotea wakati wa kuosha. Kwa hiyo yale ya bibi hayakuwa ushamba. Tatu, kuosha ni kwa shampuu, nywele zikiwa kwenye mabutu yake, unaminya povu kuelekea chini, hufikichi. Nne, taulo marufuku, tumia fulana kuukuu, unaminya tu. Tano, zikauke zikiwa zimenyooshwa kwenye mabutu au kwa uzi, zile nywele za uzi za mama zetu, na usiku kitambaa cha satini maana foronya ya pamba inazinyonya na kuzikwaruza. Ukifuata hayo, mafundo hupungua, na kazi ya saa moja na dakika arobaini inaweza kushuka mpaka nusu saa.

Na vile vifundo vidogo vya unywele mmoja uliojifunga wenyewe? Hivyo usipigane navyo. Chukua mkasi mkali, kata juu kidogo ya kifundo, endelea na maisha. Na nyie akina kaka mnaofuga afro halafu mnachana kavu asubuhi huku mnakimbilia basi, msidhani haiwahusu. Nawaona.

Jumamosi ya send-off ilifika. Binti yetu alikuwa na mabutu mawili na ua jeupe. Alicheza mpaka ua likaanguka. Wageni wawili watatu walimuuliza mama yake mbona hujamlaza nywele mtoto, siku kubwa kama hii. Wifi akawajibu kwamba mwenyewe hataki. Si kweli, mtoto hakuwa ameulizwa, lakini mimi nilikaa kimya, nikala pilau yangu.

Jumamosi iliyopita nikapita tena. Nimemkuta wifi kibarazani, mtoto katikati ya magoti, kopo la kondishena pembeni, chanuo jipya la meno makubwa. Alikuwa fungu la sita. Mkono mmoja ameshika juu ya fundo kama nilivyomwonyesha. Mtoto anakula chungwa.

Boksi bado liko juu ya kabati, nimeliona kwa macho yangu. Sikuuliza. Nimevuta kigoda changu, nikachukua fungu la saba.

Haya msomaji, tukutane wiki ijayo panapo majaaliwa. Na kile kitana chembamba, kama kiko hapo kwako, mpe jirani mwenye paka.